Kumpa Kiumbe Jina: Kutoka Miamba ya Unguja hadi Milima ya Kilosa

Matumbawe magumu ndiyo yaliyoijenga Pwani: misikiti, makaburi ya kale na majumba ya Mji Mkongwe yote yamesimama kwa mawe yake. Matumbawe laini hayakumjengea mtu nyumba. Hayana kiunzi cha jiwe; huyumba na mkondo mfano wa majani, na yakifa huacha chembe ndogo za chokaa tu. Lakini nayo ni wanyama, na kila kinywa chake kimezungukwa na minyiri minane. Chembe hizo ndizo zimfunuliazo mtaalamu siri ya kiumbe. Kipande hutiwa katika dawa ya kung'arishia nguo, nyama ikayeyuka, kisha umbo la chembe zilizosalia likatazamwa kwa hadubini na kulinganishwa na aina zilizokwisha andikwa.

Kazi hiyo ilianza mapema katika maji yetu. Mnamo 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya viumbe vya bahari Unguja na katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati ule Kamishna wa himaya ya Waingereza alikuwa Sir Charles Eliot, aliyekuwa mwenyewe bingwa wa konokono wa bahari wasio na magome, na ambaye naye aliandika habari za konokono wa Unguja. Matumbawe laini ya Crossland yalifika mikononi mwa J. Arthur Thomson wa Chuo Kikuu cha Aberdeen na mwenziwe W. D. Henderson. Mwaka 1906 maelezo yao yalichapishwa London, na baadhi ya aina wakazitangaza kuwa mpya.

Upya huo una mipaka yake. Kiumbe kilikuwapo kabla ya Crossland, na mvuvi wa Chwaka alikwisha kukikanyaga maji yalipotoka. Kilichokuwa kipya ni maandishi: jina la maneno mawili, maelezo, na kielelezo kilichohifadhiwa ili atakayekuja baadaye apate cha kulinganisha. Mwenye kuandika kwanza ndiye mwenye jina, nalo hudumu.

Je, jina hilo lazima litoke Ulaya? Historia yasema sivyo. Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliwasikiliza wavuvi wa Bahari ya Shamu. Kitabu chake, kilichotoka 1775 baada ya kufa kwake, kiliwaachia samaki majina ya Kiarabu, na hadi leo wataalamu husema Lutjanus bohar na Lethrinus harak. Huyu wa pili ni mmoja katika jamii ya changu, anayeliwa pwani yetu kila siku.

Zamu ya Kiswahili ilikuja, na haikuja kwa kiumbe cha bahari. Ilikuja bara, katika Kilosa, wilaya yenye Kisanga na Mikumi, ambako milima ya Ukaguru husimama na misitu yake ya mawingu kama visiwa juu ya nchi kavu. Kama kisiwa kinavyotengwa na maji, ndivyo msitu wa kilele unavyotengwa na joto la bondeni, na viumbe vyake hubaki peke yao hadi wakawa aina mbali. Kutoka msitu wa Mamiwa-Kisara, Alan Channing na William Stanley walimweleza mwaka 2002 chura akaaye mitini, ambaye hakuingia katika jenasi yoyote iliyojulikana. Basi wakaunda jenasi mpya na kumwita Churamiti maridadi.

Jina hilo halihitaji mkalimani. Mtoto wa Kisanga na mzee wa Pemba watalisoma na kulielewa kabla ya profesa wa Ulaya kufungua kamusi yake. Lakini furaha ina doa: chura huyo anajulikana kwa vielelezo vichache mno, na amewekwa katika daraja la viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Msitu ukifyekwa, jina litabaki katika vitabu bila mwenyewe, kama kaburi lenye maandishi mazuri.

Matumbawe laini nayo hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na hayaachi hata jiwe la kuyakumbuka. Kuandika jina ni kuweka ushahidi kwamba fulani alikuwapo. Kumtunza mwenye jina ni kazi nyingine, na hiyo si ya mtaalamu peke yake.