Nani Anamtazama Nani: Bustani ya Wanyama ya Berlin na Uzio wa Ukoloni

Bustani ya wanyama ya Berlin ilifunguliwa Agosti 1, 1844, miaka 40 kabla ya mataifa ya Ulaya kukutana katika mji huohuo kuwekeana masharti ya kuigawana Afrika. Ndiyo kongwe kuliko zote Ujerumani. Ilianza kwa wanyama wa mfalme Friedrich Wilhelm IV na juhudi za mwanazuoni Martin Hinrich Lichtenstein, aliyekuwa ameishi Afrika Kusini kabla ya kuwa profesa. Historia yake husimuliwa zaidi kama habari ya elimu na burudani: familia zinatembea Jumapili, watoto wanamshangaa kiboko. Ukoloni ukitajwa, hutajwa kama vumbi lililoingia kutoka nje, kwa kuwa zama zenyewe zilikuwa za vumbi. Mimi naona kinyume chake. Bustani ile ilikuwa darasa la ukoloni, na darasa hilo lilifunguliwa kabla Ujerumani haijamiliki hata shamba moja Afrika. Humo mkazi wa mji alizoezwa kuamini kwamba kilicho mbali kinaweza kuchukuliwa, kuzungushiwa uzio na kutazamwa kwa kiingilio, bila mtazamaji kuulizwa wala kujiuliza lolote.

Ushahidi wa kwanza ni majengo yenyewe. Heinrich Bodinus alipokuwa mkurugenzi mwaka 1869, alianza kujenga nyumba za wanyama kwa mitindo ya nchi za mbali. Nyumba ya swala ya mwaka 1872 ilipambwa kama kasri la Waarabu wa Maghribi. Tembo walijengewa jumba lililofuata sura ya hekalu la Kihindi. Mwaka 1899 likaja Lango la Tembo, ambapo tembo wawili wa mawe wanabeba paa la Kiasia juu ya wanaoingia. Sifa za wasanifu hao ni halali, maana majengo yalipendeza. Lakini hekalu ni mahali ambapo watu huvua viatu wakaingia kwa unyenyekevu; hapa lilikuwa zizi. Mgeni aliyepita mbele yake alifunzwa, bila kusoma hata neno moja, kwamba mnyama wa huko, ibada ya huko na mtu wa huko ni vitu vya kapu moja. Wanyama wa Ujerumani yenyewe hawakuwekwa ndani ya nakala za makanisa.

Ushahidi wa pili ni biashara iliyoyajaza majengo hayo wanyama. Mfanyabiashara mkubwa wa kazi hii alikuwa Carl Hagenbeck wa Hamburg, ambaye miaka ya 1870 alipata wanyama wake wengi kutoka mashariki ya Sudan, hasa kandokando ya Kassala. Ndama wa tembo hakamatwi mbele ya mama yake. Kwanza wakubwa waliuawa, kisha mdogo akafungwa kamba, na msafara ukaondoka kuelekea bandari ya Suakin ukiwa na kundi la mbuzi wa kuwanyonyesha yatima hao njiani. Wengi walikufa kabla ya kuiona bahari. Kwa hiyo kila ndama aliyefika Ulaya alikuwa na mizoga nyuma yake, na mizoga hiyo haikuandikwa kwenye kibao cha kizimba. Katikati ya muongo huohuo, Hagenbeck aliona kwamba watu nao wanavuta umati. Alianza na Wasami wa kaskazini ya Ulaya pamoja na kulungu wao, wakafuata Wanubi wa Sudan. Tangu mwaka 1878 maonyesho ya watu yakaingia katika bustani ya Berlin, na desturi hiyo haikukoma kabisa hadi mwaka 1952. Mfanyabiashara mmoja alileta tembo na mchunga tembo, na mtazamaji aliwaona wote wawili upande uleule wa uzio.

Mmoja wa waliotazamwa alituachia maandishi yake. Abraham Ulrikab alikuwa Muinuiti wa Labrador, Mkristo aliyejua kusoma, kuandika na kupiga fidla. Oktoba 1880 aliwekwa katika bustani ya Berlin pamoja na mkewe Ulrike, binti zao wawili na wenzao wanne. Wakala wa Hagenbeck alikuwa amewachukua kwa mkataba wa malipo. Katika shajara yake, Abraham anaeleza umati usioisha, kelele za mji na hamu ya nyumbani, na anaandika jinsi wakala huyo alivyomchapa kijana mmoja wao kwa mjeledi wa mbwa. Sheria ya Ujerumani ilidai wageni wachanjwe ndui, nao hawakuchanjwa walipofika. Kufikia katikati ya Januari 1881 wote wanane walikuwa wamekufa, Abraham na Ulrike wakiwa Paris, siku chache baada ya mtoto wao wa mwisho. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga. Kamba ya hawa ilikuwa karatasi yenye sahihi.

Hapo linakuja pingamizi la kwanza: watu hao walikubali na walilipwa, kwa hiyo wasifananishwe na wanyama. Ni kweli kwamba wengi walikuja kwa mkataba, na kuwaita wote mateka ni kuwanyima akili waliyokuwa nayo. Abraham alikuwa na deni la kulipa na shauku ya kuiona Ulaya. Lakini mkataba unapimwa kwa kile ambacho anayesaini anaweza kukikataa baadaye, na Abraham hakuweza kukataa umati wala kurudi kwao alipochoka. Pingamizi la pili ni kubwa zaidi: tusiwahukumu watu wa jana kwa mizani ya leo. Nalikubali kama onyo, ila halifai kuwa kinga, kwa sababu mizani hiyo ilikuwapo jana. Shajara ya Abraham ni ya mwaka 1880, si ya leo. Mwaka 1896, katika Maonyesho ya Kikoloni kwenye kitongoji cha Treptow, Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni waliwekwa mbele ya umma, Waswahili na Wamasai wakiwamo. Kwelle Ndumbe, mwana wa Duala, Kamerun, alikataa kuvaa mavazi ya kuigiza ushenzi, akanunua darubini ndogo ya ukumbi wa opera na kuanza kuwatazama watazamaji wake. Jicho lililozoea kutazama likajikuta linatazamwa. Mwaka 1901 serikali yenyewe ilipiga marufuku kuwaleta raia wa makoloni yake kwa maonyesho, na sababu kubwa ilikuwa hofu kwamba wakirejea kwao watakuwa wamepoteza heshima waliyotakiwa kuwa nayo kwa Mzungu. Walijua basi kwamba uzio ule una maana ya utawala.

Jambo hili linatugusa Waswahili kwa karibu zaidi. Tangu mwaka 1887 Berlin ilikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako wenyeji wa pwani yetu waliwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakienda kututawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtunzi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alifundisha huko kuanzia mwaka 1900 mpaka dharau za baadhi ya wanafunzi wake zilipomfanya ajiuzulu. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni ilikataa washuke melini. Mwalimu hakuwa kizimbani, lakini wanafunzi wake walikulia katika mji uliowazoesha kumwona mtu kama yeye nyuma ya uzio, na dharau hiyo waliiingiza darasani.

Pingamizi la mwisho linastahili heshima: bustani hizi zimeokoa wanyama. Baisani wa Ulaya alipokuwa karibu kutoweka porini, chama cha kimataifa cha kumwokoa kiliundwa mwaka 1923 katika bustani hiyohiyo ya Berlin, na leo baisani anatembea tena msituni. Sitaki kulipunguza jambo hilo. Hata hivyo jicho la bustani lilivuka bahari pamoja na uhifadhi wake. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na kutenga maeneo ya akiba, mojawapo kando ya Rufiji, na wenyeji waliowinda kwa vizazi wakaanza kuitwa majangili. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliuonyesha ulimwengu Serengeti katika filamu yake maarufu. Mwaka huohuo Wamasai walitolewa katika Hifadhi ya Serengeti. Mnyama ameokolewa, naye jirani yake amewekwa nje ya ua. Picha ya mbuga isiyo na watu haikuzaliwa mbugani.

Uzio ukishajengwa, husogezwa. Wanahisa wengi wa bustani ya Berlin walikuwa Wayahudi wa mji huo. Utawala wa Nazi ulipokuja, walilazimishwa kuziachia hisa zao kwa bei ya kutupa, kisha wakazuiwa hata kuingia langoni. Kumbukumbu yao iliwekwa humo mwaka 2011, na katika nyumba ya swala iliyonusurika vita sasa yapo maonyesho ya historia ya bustani. Ni hatua njema, na bado haitoshi. Sidai majengo yabomolewe. Yabaki, kwa maana jiwe linalosema ukweli lina faida kuliko uwanja mtupu. Nadai kila kibao kinachotaja jina la mnyama na nchi yake kitaje pia alivyofikishwa hapo na waliosimama karibu naye: Abraham, Ulrike, na Wanubi waliokuja na tembo. Nasi tulio huku, tunapotoza kiingilio kwenye hifadhi zetu wenyewe, tujiulize tumemwacha nani nje ya ua.