Zawadi za Njia ya Voi

Msomaji mpenzi, siku moja utakuwa na kazi, na kazini utakuwa na wenzako. Utapewa likizo, utasafiri, na siku ya kurudi watu wataitazama mikono yako kabla ya kukutazama usoni. Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini mshahara wako utakuwa mdogo, wenzako watakuwa wengi, na nauli itakuwa imekwisha kula sehemu ya akiba. Utanunua nini kwa fedha kidogo, kitu kitakachowatosha wote na kisichomwaibisha mtoaji wala mpokeaji? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, katika njia itokayo Mombasa, ikapita Voi na kufika Taveta, watu wamekuwa wakilijibu kwa muda mrefu, na baadhi ya majibu yao yaligharimu sana. Nakuomba tufuatane katika njia hiyo.

Kabla ya reli, hii ilikuwa njia ya misafara. Wapagazi walitoka Mombasa wakavuka nyika ya Taru, yenye kiu na miiba, wakatafuta maji katika mlima wa Maungu, wakapita chini ya milima ya Taita, kisha wakapumzika katika msitu wa Taveta, kando ya mto Lumi, palipokuwa na kivuli na ndizi. Vichwani walichukua mafurushi ya nguo za merikani, shanga, na nyaya za shaba na za chuma. Walipopita katika nchi ya watu walitoa hongo, yaani mali ya kuombea njia.

Mizigo ile ya vitu rahisi ilikuwa na elimu yake. Shanga iliyopendwa hapa ilikataliwa pale, na msafiri aliyekosea rangi aliona mali yake yote imegeuka changarawe. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipumzika Taveta kabla ya kuingia nchi ya Wamasai. Watu wake walikaa hapo wakizitunga shanga upya kwa namna waliyoipenda Wamasai, kwa maana zisingepokelewa kama zilivyotoka pwani. Walikwisha kufahamu kwamba thamani ya zawadi haikai dukani inakonunuliwa, bali katika jicho la yule anayeipokea.

Lakini hongo ina sura ya pili. Mmisionari Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1848, na tarehe 11 Mei mwaka huo akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Mwaka uliofuata alirudi Uchagani akikusudia kufika Unyamwezi. Huko Machame, Mangi Mamkinga alimdai zawadi juu ya zawadi, hata bidhaa alizoziweka kwa safari ndefu zikaisha, na safari yenyewe ikafia hapo. Zawadi inayodaiwa imeacha kuwa zawadi. Lugha yetu ni shahidi wa jambo hili, kwa kuwa neno hongo, lililokuwa jina la ushuru wa njia, leo ni jina la rushwa. Basi ukirudi kazini na kitu kikubwa kwa mkubwa wako, na vitu vidogo kwa wengine, jiulize kama umeleta zawadi au umelipa ushuru wa njia.

Misafara hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu. Baadaye reli ilichukua mahali pa wapagazi. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 simba wawili waliwatia hofu na kuwaua wajenzi wa daraja la Tsavo. Mwaka 1901 ikafika Kisumu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilijenga tawi kutoka Voi kwenda Taveta, na makaburi ya askari wa vita hivyo yangaliko Voi na Taveta hata leo. Mwaka 1948 nyika ya Tsavo ilifanywa hifadhi ya taifa, na watalii wakaja kwa wingi kuangalia wanyama. Nao walitaka kitu cha kuwapelekea wenzao kwao. Katika miaka ile, bangili ya pembe au ya nywele za mkia wa ndovu ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa uwazi, kikatiwa mfukoni.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikakomesha biashara ya vitu vilivyotengenezwa kwa nyara za wanyama. Mwezi wa Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliwasha moto jijini Nairobi ulioteketeza karibu tani 12 za pembe. Bangili ile ndogo ilikuwa ghali kuliko vitu vyote vya dukani, ila aliyelipa hakuwa mnunuzi.

Sasa tutazame kitu kingine, ambacho hakikuhitaji kufa kwa mnyama. Mkonge ni mmea wa asili ya Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika kutoka Florida, nao ukaenea hata Kenya, na mashamba makubwa yakapandwa Voi, Mwatate na Taveta. Mashamba yalitaka katani ya kamba na magunia. Wanawake wa Taita, ambao ususi kwao si kazi ya jana, waliichukua katani hiyo wakaisukia vikapu. Jani hukwanguliwa mpaka nyuzi zibaki, nyuzi huanikwa juani, hutiwa rangi, husokotwa pajani, uzi baada ya uzi, ndipo kikapu huanzwa kitakoni na kupandishwa polepole. Kazi hii hufanywa katikati ya kazi nyingine: shamba, kuni, maji na watoto.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilisimama Voi siku moja nikitaka vikapu vidogo tisa, kwa ajili ya walimu wenzangu. Bei niliyotajiwa niliishusha, kisha nikaishusha tena, nikijiona hodari. Mama aliyekuwa akiuza hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kamba hizi ungezisokota wewe kwa siku ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sijui kusokota hata moja. Nililipa bei yake ya kwanza, nikachukua vitano badala ya tisa, na kwa wenzangu waliobaki nikanunua ndizi za Taveta na asali. Hakuna aliyenung'unika.

Usidhani kwamba nakukataza kupatana bei. Kupatana ni desturi ya soko, na muuzaji naye huitarajia. Nakuomba utofautishe unafuu wa namna mbili. Kuna kitu kilicho nafuu kwa kuwa ni kidogo, na kuna kitu kilicho nafuu kwa kuwa mwingine amenyimwa haki yake. Cha kwanza ukinunue bila haya. Cha pili, hata ukikifunga vizuri namna gani, unamkabidhi rafiki yako jasho la mtu asiyelipwa.

Asali niliyoitaja ina hadithi yake. Huko Sagala, karibu na Voi, ndovu hutoka hifadhini wakavamia mashamba ya mahindi. Baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga iliyoungwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huogopa na kurudi nyuma. Mkulima hupata mahindi yake, na asali huuzwa. Njia ile ile iliyopeleka pembe pwani leo yaweza kupeleka chupa ya asali, na ndovu akabaki na pembe zake.

Mwaka 2017 mambo mawili yalifuatana katika nchi hii. Mwezi wa Juni treni mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi, ikipita Voi. Na mwezi wa Agosti mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku. Kikapu kikapata kazi tena sokoni. Hii nayo ni sifa ya zawadi nzuri: haikai rafuni ikishika vumbi, bali huchukua nyanya na vitunguu.

Basi, siku yako itakapofika, andika majina ya wenzako wote kabla hujaondoka, na usimsahau tarishi, mfagizi wala bawabu. Wapatie vitu vya daraja moja. Uliza kimetengenezwa na nani na kwa muda gani, na ukirudi wasimulie hayo unapowapa, kwani hadithi hailipiwi nauli. Kama fedha hazitoshi, punguza ukubwa wa zawadi, usipunguze haki ya aliyeitengeneza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.