Mlango wa behewa na vidole vya mzee jirani

Najua nimepotea, zamu za usiku zimeniandama na baridi ya Buffalo ndiyo hiyo mnayoisikia. Leo sina habari za viza wala nauli. Nawaletea historia ya mlango. Ndiyo, mlango, tena wa behewa la mizigo. Msinicheke kwanza.

Mimi naishi upande wa mashariki wa mji huu, wenyewe wanaita East Side. Hapa reli ni jirani yako utake usitake. Ukitoka nje unaona mnara wa Central Terminal, stesheni kubwa iliyofunguliwa 1929 na kuachwa na treni za abiria 1979. Treni za mizigo bado zinapita, usiku ndiyo zaidi.

Sasa kuna mzee jirani yangu, Mmarekani mweusi, ambaye tunasaidiana kuondoa theluji mlangoni. Sisi manesi macho hayatulii. Nikaona mkono wake wa kulia hauna vidole viwili. Nikadhani ni baridi ilimla, au mashine ya kiwandani. Siku moja nikamuuliza kwa adabu. Akasema, "Mlango wa behewa, binti yangu." Alikuwa kijana, anapakua mzigo kwenye ghala moja, mlango umekwama kwa barafu, wakausukuma watu watatu, ukaachia ghafla. Kampuni ilimlipa siku chache, basi. Aliyasema hayo huku anacheka. Mimi sikucheka, nikaenda kusoma.

Kwanza niwaeleze mlango wenyewe. Behewa la mizigo lililofunikwa ni sanduku refu lenye mlango ubavuni. Mlango wa bawaba kama wa nyumba ni shida, maana ukifungukia nje unagonga jukwaa, na treni ikiwa mwendoni unaweza kugonga treni ya reli ya pili. Ndiyo maana Wamarekani tangu karne ya 19 walipendelea mlango wa kusukuma pembeni, unaotembea nje ya ukuta wa behewa. Mingine ilining'inia kwenye chuma cha juu kwa magurudumu madogo, mingine uzito wake ulikaa kwenye chuma cha chini. Wakati wa mabehewa ya mbao, mlango nao ulikuwa wa mbao, na mbao ikinyeshewa inavimba. Kwa theluji ya hapa, jazeni wenyewe.

Na behewa hizo zilitengenezwa hapa hapa. Buffalo Car Manufacturing Company ilianza 1872, na mwaka 1899 ikawa moja ya kampuni 13 zilizounganishwa kuunda American Car and Foundry. Kutoka Buffalo hiyo hiyo iliingia na Niagara Car Wheel iliyokuwa ikitengeneza magurudumu, na kutoka Depew, hapo jirani tu, Union Car Company. Mdogo wangu anayeishi Columbus, Ohio, naye akaniambia nisijidai, kwao East Side kulikuwa na Ralston Steel Car, iliyojenga mabehewa kuanzia 1905 mpaka 1953. Haya, tumekubali.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni nafaka. Kwetu mahindi yalipanda treni yakiwa kwenye magunia, na gunia halivuji kwenye upenyo wa mlango. Buffalo mambo yalikuwa tofauti. Ngano ilikuja kwa meli kutoka magharibi kupitia Ziwa Erie, na ilikuja tupu, bila gunia. Mwaka 1842 hadi 1843 Joseph Dart na fundi wake Robert Dunbar walijenga hapa ghala la kwanza duniani la kupandisha nafaka kwa mashine ya mvuke. Toka hapo nafaka ilitiririshwa kama maji, kutoka melini kwenda ghalani, na kutoka ghalani kwenda kwenye behewa.

Sasa fikiria, behewa lina mlango wa kusukuma wenye mianya, na ndani unamwaga tani 40 za ngano. Nafaka inasukuma kwa ndani, mlango unabinuka, na njia nzima unalisha ndege. Dawa yao ilikuwa mlango wa pili. Mafundi waliingia ndani ya behewa wakapigilia mbao kukinga nafasi ya mlango, kutoka sakafuni mpaka karibu na juu, wakaacha upenyo wa kupitishia bomba la kumwagia. Mlango wa nje ukafungwa baadaye na kutiwa sili. Kule mwisho wa safari mtu mwingine alizibomoa mbao zile huku nafaka imezilalia. Baadaye zikaja karatasi nene zenye mikanda ya chuma badala ya mbao. Kazi hiyo ilirudiwa behewa kwa behewa, miaka nenda rudi, ili kuziba kasoro ya mlango mmoja.

Mlango wenyewe uliendelea kubadilika. Karne ya 20 ilileta milango ya bati la chuma lenye mikunjo, maarufu ikiwa ya Youngstown Steel Door. Kisha, hasa miaka ya 1950 kuendelea, ukaenea mlango wa kuziba. Huu Mtanzania yeyote anaujua bila kusoma, ni mlango wa Hiace! Konda akivuta, mlango kwanza unatoka nje kidogo, halafu ndiyo unateleza kurudi nyuma. Ukifungwa unakaa sawasawa na ubavu wa gari. Wa behewa ni hivyo hivyo, ila ni mzito mamia ya kilo, na badala ya konda kuna mkono wa chuma unaozungushwa ili vyuma virefu viusukume nje. Unaziba vizuri, kwa hiyo ulifaa kwa vyakula na vitu visivyotaka joto wala baridi. Ubaya wake, ukishatoka nje umeshikiliwa na vyuma vichache tu. Vikichakaa, mlango unaanguka, na chini kuna mtu.

Hapa ndipo nilipokasirika. Zamani mfanyakazi wa reli alitambulika kwa vidole vilivyokatika, kwa sababu mabehewa yaliunganishwa kwa mkono, kwa pete na pini. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, alipiga kelele miaka mingi mpaka tarehe 2 Machi 1893 Rais Benjamin Harrison akatia saini sheria ya kulazimisha viunganishi vya kujifunga vyenyewe na breki za upepo. Mwaka 1910 ikaongezwa sheria ya ngazi, vishikio na breki za mkono. Mlango haukuwamo. Kanuni ya serikali kuu inayosema behewa lisitembee kama milango yake ya ubavuni haina vishikizo vizima vya kuizuia isichomoke, hiyo ilianza kubana baada ya tarehe 1 Desemba 1983. Toka 1893 mpaka 1983 hesabuni wenyewe, mimi nimechoka.

Ilipofika hiyo kanuni, kazi yenyewe ilikuwa inaondoka. Mwaka 1959 ulifunguliwa mkondo wa St. Lawrence, meli zikawa na njia ya kwenda baharini bila kushusha nafaka Buffalo. Mwaka 1961 reli ya Southern ikatoa behewa lake kubwa la nafaka lililopewa jina Big John, linalojazwa kwa juu na kumwaga kwa chini, halina mlango wa ubavuni wala mbao za kupigilia. Siku hizi behewa lenye mlango wa kusukuma bado lipo, linabeba karatasi, bia na vitu vya namna hiyo, lakini si mfalme tena.

Jumapili nilimpelekea mzee chapati na haya yote niliyosoma. Kuhusu 1983 alisema alikuwa ameshaacha kazi hiyo zamani. Kisha akanionyesha kwa mkono wake ule ule jinsi ya kusukuma mlango uliokwama. Husimami mbele yake, unasimama pembeni, unasukuma kwa bega, na vidole unavikunja ndani ya ngumi. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna. Nilijua siku ya pili."

Haya wadau, zamu inaanza saa moja jioni na gari limefunikwa na theluji. Mliowahi kufanya kazi za reli, Tabora, Dodoma au Nairobi, niandikieni milango ya kwenu ilikuwaje.