Kutoka Kambi ya Askari Hadi Chuo cha Walimu

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua)

Leo tunauliza: mwalimu hutoka wapi? Tutapitia historia ya chuo kimoja cha umma nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa sababu historia hiyo imefika hadi kwenye kambi za wakimbizi.

Chuo hicho kiko Kahawa, kando ya barabara ya kutoka Nairobi kwenda Thika. Zamani mahali pale palikuwa na kambi ya jeshi la Uingereza iliyoitwa Templer Barracks. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi kambi hiyo kwa serikali ya Kenya. Walipolala askari wakalala wanafunzi. Kikazaliwa Chuo cha Kenyatta, chenye sehemu mbili: moja ya masomo ya sekondari, na nyingine ya mafunzo ya ualimu.

Kwa nini ualimu? Baada ya uhuru, wazazi walitaka watoto wao wasome. Wananchi walichanga fedha, wakajenga shule za Harambee kila pembe ya nchi. Lakini darasa hujengwa kwa wiki chache, mwalimu huchukua miaka. Shule za sekondari zilitegemea sana walimu wageni, na katika shule nyingi za Harambee walifundisha watu ambao hawakusomea ualimu.

Wasikilizaji, hali hiyo tunaijua. Katika kambi zetu, kijana anayemaliza kidato cha nne mwaka huu ndiye anayeshika chaki mwaka ujao. Anapewa posho ndogo na darasa lililojaa hadi mlangoni. Anajitahidi, na wengi wetu tumesoma kwa sababu ya vijana kama hao. Lakini kujua hesabu ni jambo moja, na kumfanya mtoto aielewe ni jambo lingine. Hilo la pili ni kazi ya kujifunza, kama useremala au ukunga.

(Muziki mfupi)

Tuendelee. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika, kukawa na vyuo vikuu vitatu: Makerere, Dar es Salaam na Nairobi. Mwaka huohuo Chuo cha Kenyatta kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1972 kilipokea wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu. Mwaka 1978 Kitivo cha Elimu cha Nairobi kilihamishiwa Kahawa. Mwaka 1985 Bunge lilipitisha sheria, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hesabuni wenyewe: kutoka kambi ya askari hadi chuo kikuu ni miaka 20, na kilipanda ngazi moja baada ya nyingine.

Leo chuo hicho kinafundisha mambo mengi, hata udaktari na uhandisi, lakini elimu imebaki shina lake. Anayesomea kufundisha sekondari husoma masomo atakayoyafundisha, kwa mfano Kiswahili na historia. Pamoja na hayo husoma jinsi mtoto anavyokua na kufikiri, jinsi ya kupanga somo, na jinsi ya kupima kama darasa limeelewa. Kisha hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, na mhadhiri huja kukaa nyuma ya darasa kumtazama. Kuna pia mafunzo ya kulea watoto wadogo, na elimu maalumu kwa wanaofundisha watoto wenye ulemavu. Walimu walioko kazini wamewahi kuwekewa utaratibu wa kusoma wakati wa likizo za shule, ili wasiache madarasa yao.

Sasa twende Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kambi za huko zilianza mwaka 1991, Wasomali walipokimbia vita. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kituo katika mji wa Dadaab. Mwaka uliofuata ukaanza mradi uliounganisha vyuo vinne vya umma: Kenyatta na Moi vya Kenya, pamoja na York na British Columbia vya Kanada. Wanafunzi wengi walikuwa walimu wa shule za kambini na wa vijiji vya jirani. Walianza na masomo ya maandalizi, yaani Kiingereza na kompyuta. Baadaye wakapanda kwa ngazi: cheti, stashahada, kisha shahada. Aliyelazimika kusimama njiani alibaki na cheti cha ngazi aliyoifikia.

Jambo hilo ni kubwa kwetu. Kambini tunapewa semina nyingi, za siku mbili au wiki moja, na kila semina ina karatasi yake. Karatasi hizo si mbaya, lakini ukirudi nyumbani, au ukihamia nchi nyingine, huenda wizara ya elimu isizitambue. Cheti cha chuo kikuu cha umma kina nguvu ya sheria ya nchi nyuma yake. Mkimbizi anaweza kupoteza nyumba, shamba na mifugo. Ualimu aliousomea husafiri naye.

Kwa hiyo, mwalimu unayenisikiliza, unapoitwa kwenye mafunzo, uliza maswali matatu. Cheti hiki kinatolewa na nani? Kinatambuliwa wapi? Je, kinaniruhusu kupanda ngazi inayofuata? Nanyi wazazi, mnapokaa katika kikao cha shule, msiulize madawati tu. Ulizeni pia: walimu wa watoto wetu watasomeshwa lini?



(Muziki wa kufunga)