Kipindupindu: kwa nini majibu ya maabara hayatoki siku hiyo hiyo?

Mgonjwa akifikishwa zahanati, iwe Musoma, Bunda au Butiama, akiharisha maji yanayofanana na yaliyooshea mchele, mhudumu atashuku kipindupindu. Kushuku si kuthibitisha, maana yapo magonjwa mengine ya kuhara. Anayethibitisha ni mtaalamu wa maabara.

Sampuli. Huchukuliwa choo kidogo, au kijiti chenye pamba hupitishwa njia ya haja kubwa. Ni vizuri ichukuliwe kabla mgonjwa hajameza antibayotiki, kwa sababu dawa hizo huua vimelea na maabara inaweza isione kitu. Ukishameza dawa za dukani, mwambie mhudumu bila kuficha.

Kipimo cha haraka. Hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kinasaidia kutoa tahadhari mapema, lakini huweza kukosea.

Kuotesha vimelea. Hiki ndicho kipimo cha uhakika. Sampuli husafirishwa katika chupa yenye ute maalumu unaotunza vimelea, bila kuwekwa kwenye barafu. Maabara huipaka kwenye sahani yenye chakula cha vimelea na kuiweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Vimelea vya kipindupindu huota vidoa vya njano. Kisha hupimwa kama ni vya kundi la O1 au O139, ndiyo yanayoleta milipuko, na ni dawa gani inayoviua. Ndiyo maana majibu huchukua siku mbili au zaidi.

Virusi hutafutwa kwa njia nyingine: kipimo cha vinasaba, yaani PCR. Januari 2025, Marburg ilipozuka Biharamulo, mkoani Kagera, sampuli zilipimwa katika maabara tembezi ya Kabaile, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam.

Je, mgonjwa asubiri majibu? Hapana. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache kwa kukausha maji mwilini. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, na aendelee kunywa mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Majibu ya maabara ni kwa ajili ya kijiji kizima: yanaonyesha kama kuna mlipuko, ili maji yatibiwe na wengine wakingwe.

Kwa ushauri, piga 199 bila malipo.