Sinema Ilimalizikia Barazani

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Royal Cinema Theatre mjini Unguja, jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyeacha alama yake pengi Mji Mkongwe. Baadaye ukumbi ukaitwa Majestic. Uliteketea kwa moto mwaka 1954, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata. Kuta hizo zimeandikwa vya kutosha. Waliokaa ndani yake ndio waliosahauliwa, nao ndio walioifanya sinema kuwa jambo la mji.

Jumapili ilikuwa siku yao. Watu walivaa nguo za kutokea na familia nzima zikaenda kuona picha. Kwa picha kubwa za Kihindi tiketi zilikwisha mapema, na walanguzi wakaziuza nje kwa bei waliyoitaka. Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake peke yao, ambako hata waliokuwa wakitawishwa waliweza kwenda bila kusemwa.

Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliwashika watu kweli kweli. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mhalifu lazima awe mhalifu. Jambazi aliyeonewa na imani hiyo analipiza kisasi: anamlea mtoto wa hakimu mwenyewe katika wizi. Kwa watu waliokua wakisikia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisa hicho hakikuwa cha ugenini hata kidogo. Nyimbo zake ziliimbwa na wasiojua neno la Kihindi. Kisha ikaja Mother India ya mwaka 1957, ambamo mwigizaji Nargis ni mama anayempiga risasi mwanawe ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Picha kama hiyo haiwezi kuishia pale taa zinapowashwa. Unatoka nayo, unafika nayo barazani, na huko kila mtu ana hukumu yake.

Bara nako kumbi zilishamiri: Empire na Avalon Dar es Salaam, Metropole Arusha, Plaza Moshi. Mwaka 1966 Dar ikapata Drive-In, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari. Leo pale upo ubalozi wa Marekani. Kilichofuata kinajulikana. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, picha mpya zikapungua, mikanda ya video ikaingia majumbani, na mwaka 1994 Tanzania Bara ikaanza kupata televisheni. Kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, nyingine zikageuzwa maduka na maghala.

Wengi husema hapo ndipo utamaduni wa sinema ulipokufa. Sikubaliani nao. Ulihamia kwenye vibanda umiza, mabenchi yakiwa yamebanana mbele ya televisheni moja. Huko akatamba Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, aliyezitafsiri kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, India na Marekani. Hakutafsiri maneno tu. Alieleza nani mbaya na kwa nini, akachomekea mambo ya hapa nyumbani, akamsifu steringi na kumsuta adui. Kenya nako DJ Afro akajijengea jina kwa kazi ya aina hiyo. Kwangu mimi hawa ni wahakiki wa filamu kamili, na wanastahili nafasi katika vitabu vya fasihi yetu kama walivyo nayo manju na watambaji ngano.

Walioiona Mother India ilipokuwa mpya sasa ni wazee sana. Kama unaye bibi au babu aliyekuwa akienda sinema Jumapili, kaa naye wiki hii. Muulize kama yule mama alifanya haki kumuua mwanawe, kisha rekodi anachokujibu, mpaka mwisho, bila kumkatiza.