Maji ya Lamu na Maji ya Shela

Baina ya Mji wa Lamu na Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuo. Lamu ina bandari, misikiti na majumba ya mawe. Shela ina vilima vya mchanga. Na uhai wa Lamu umo ndani ya mchanga ule.

Hapo kale nyumba za waungwana wa Lamu zilikuwa na visima na mabirika. Birikani walitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ikawekwa sahani ya kauri ya China, samaki wapate pa kukaa maji yapungukapo. Lakini maji ya visima vya mjini yalikuwa na kasoro, nasi watu wa pwani tumezoea kuzikusanya kasoro zote katika jina moja: maji ya chumvi.

Kumbe ni mambo matatu. La kwanza ni ugumu. Maji yapitayo katika mawe ya matumbawe huyeyusha chokaa. Sabuni haitoi povu, na birika la chai hufanya ukoko mweupe. Maji hayo huchosha mfuaji, lakini hayamdhuru mnywaji. La pili ni chumvi ya bahari, ipandayo kisima kikitekwa kupita kiasi. La tatu ni uchafu wa mashimo ya vyoo yaliyo karibu na visima. Huo hauna ladha, nao ndio wenye kuua.

Shela imeneemeka kwa sababu mvua inyeshapo juu ya vilima, mchanga huinywa upesi na kuichuja. Maji yale, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake chini ya ardhi. Mwaka 1901 Mjerumani Herzberg aliieleza kanuni hiyo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini yake. Kinyume chake ndicho cha kutisha: kimo kikishuka mita moja, akiba hupungua mara 40 ya hiyo. Katika karne ya 20 maji ya visima vya Shela yakapelekwa Lamu kwa mabomba. Mji mkubwa ukawa mgeni wa mji mdogo.

Vilima hivyo vinajulikana zaidi kwa Vita vya Shela, vya mnamo 1812, Walamu walipowashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa. Leo vinahitaji kulindwa tena, kwani kila nyumba na kila shimo la choo lijengwalo juu ya mchanga huo lajengwa juu ya mtungi wa watu wote. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nasi kifuu chetu ni hiki.

Ng'ambo, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zitajwazo ni maji yake kuingia chumvi. Inasimuliwa kwamba wakazi wake walihamia Shela. Wazawa wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la mnara la Takwa, mara mbili kwa mwaka, kuomba mvua. Wanaomba penye mji uliokosa maji, kwa ajili ya mji unaoyagawa.